Mpelelezi wa Angani na Silabi Moja ya Ankoro

Mtoto wa baba yangu mkubwa, ninayemwita yaya kwa sababu amenizidi miaka sita, alilala kasho siku tatu kwa ajili ya silabi moja. Kinga ya jirani yake ilipotea huko kwetu Ankoro. Kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kuonekana juu yake, aliitwa ajieleze. Akajieleza kwa Kiswahili chetu: “Nilikamataka kinga yake.” Ankoro nzima ingemwelewa. Kinga ni baiskeli. Kukamata ni kuchukua tu, hakuna nguvu ndani yake. Na ile -ka ya mwisho inaliweka tendo katika mazoea: nilikuwa nikiichukua, mwenyewe anajua, wala si siku moja au mbili. Karani hakuwa mtu wa upande wetu, na karatasi yake ilipaswa kujazwa kwa Kifaransa. Akaandika: “J'ai pris son vélo.” Kifaransa nacho kina njia yake ya kusema mazoea, angeweza kuandika “je prenais”. Lakini -ka hakuisikia, au aliisikia akadhani ni uchafu wa matamshi, akaufuta.

Siku ya nne kinga ilionekana kwa shemeji wa mwenyewe, aliyekuwa ameipeleka kuchomelewa fremu. Yaya akarudi nyumbani. Karatasi ile, nadhani, bado iko ndani ya faili fulani, ikisema kwamba alikiri.

Ndugu msomaji, makala hii inahusu riwaya za upelelezi zinazotokea angani, katika miji ambayo watu watajijengea mbali na dunia baada ya karne nyingi. Najua kwamba kutoka kasho ya Ankoro hadi huko ni mbali. Lakini nimezisoma riwaya hizo kwa miaka mitatu sasa, na kila nikiifunga moja namkumbuka yaya. Hoja yangu ni hii: riwaya ya namna hiyo, ukiivua mitambo yake, ni hadithi ya mji uliofungwa, wenye mwenyewe, ambamo neno la shahidi mnyonge linapita katika mikono ya mtu mwingine kabla ya kuwa ushahidi. Mji wa namna hiyo tunaujua. Neno la namna hiyo tunalo. Kwa hiyo riwaya hiyo inaweza kuandikwa na sisi, tena katika Kiswahili chetu kama kilivyo, nasi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya kuitaka.

Niseme kwanza riwaya zenyewe ni zipi, kwa faida ya wenzangu ambao hawajazigusa. Mwaka 1954 Isaac Asimov, Mmarekani mzaliwa wa Urusi, alitoa The Caves of Steel, ambamo askari Elijah Baley anachunguza mauaji akiwa na mwenzake ambaye ni roboti mwenye sura ya mtu. Mwaka 2011 waandishi wawili, Daniel Abraham na Ty Franck, wanaotumia jina moja la James S. A. Corey, walitoa Leviathan Wakes. Humo mpelelezi Miller anamtafuta msichana aliyepotea, naye Miller amezaliwa na kukulia ndani ya Ceres, jiwe kubwa la angani lililochimbwa likawa mji. Mwaka 2023 Malka Older alitoa The Mimicking of Known Successes: watu wanaishi juu ya majukwaa yanayoizunguka sayari ya Mshtarii, majukwaa yanaunganishwa kwa reli, na mtu mmoja anatoweka kwenye kituo cha mbali. Hicho cha Corey nilikisoma kwa Kifaransa kwenye simu, faili lililopita kutoka simu hadi simu, nikiwa ndani ya mashua kutoka Ankoro kuteremka Lualaba hadi Kabalo, kisha nikasubiri treni ya Kalemie. Anayesubiri treni Kabalo hashangazwi na mtu kutoweka kwenye kituo cha mwisho cha reli.

Nilipomweleza mwalimu mmoja kwamba ningependa kuandika juu ya riwaya hizi, alicheka kwa upole akaniuliza: “Ankoro umeme haujafika kila nyumba, wewe unataka kwenda Mshtarii?” Ni swali la haki, na sitalikwepa. Wengi kati yetu tunaamini kwamba anga ni habari ya watu wengine, na kwamba Mwafrika anayeandika juu yake amevaa koti la kuazima.

Lakini hebu tuutazame mto wetu. Ankoro imekaa pale Luvua inapoingia Lualaba. Ukiupanda Luvua kuelekea ziwa Mweru, unafika chini ya uwanda wa Kapani Tonneo. Juu ya uwanda huo, mwezi Mei 1977, roketi ya kampuni ya Kijerumani iliruka. Kampuni iliitwa OTRAG. Mhandisi Lutz Kayser aliianzisha mwaka 1975, na mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa Kennedy Space Center huko Marekani. Walitaka kutengeneza roketi ya bei rahisi kwa kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, na valvu za mafuta zilifunguliwa kwa mota kama zile za kufutia kioo cha gari. Serikali ya Zaire iliwapa eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 katika Shaba ya wakati ule, na mkataba wa kudumu hadi mwaka 2000. Rwanda na Burundi zikiunganishwa hazifiki kilomita za mraba 60,000. Roketi ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu, Juni mwaka huohuo, iliruka mbele ya macho ya Mobutu, ikageuka, ikaanguka bondeni. Mwaka 1979 Zaire ilivunja mkataba, baada ya kelele nyingi kutoka Umoja wa Kisovyeti na majirani waliosema kwamba zile hazikuwa roketi za satelaiti bali makombora ya vita.

Maji yaliyopita chini ya uwanja ule yalifika Ankoro siku chache baadaye. Wazee wetu waliyanywa. Kwa hiyo sikubali kwamba anga haijawahi kufika kwetu. Ilifika, ikaweka uzio, ikaondoka. Kitu ambacho hakikufika ni hadithi yake kwa lugha yetu. Nani aliondolewa shambani? Nani alibeba mabomba kupanda mlima, alilipwa kiasi gani, naye alisema nini jioni alipoulizwa ameona nini? Magazeti ya Ulaya yaliandika kurasa nyingi juu ya siri ya OTRAG, na kila mmoja alikuwa mpelelezi isipokuwa mtu wa Luvua, ambaye hata ushahidi hakuombwa.

Tena kuna Manono, ambako wengi wetu tuna ndugu. Kampuni ya Géomines ilichimba bati pale, ikajenga nyumba, ikaleta umeme kutoka maporomoko ya Piana Mwanga kwenye Luvua hiyohiyo. Nyumba ilikuwa ya kampuni, taa ya kampuni, maji ya kampuni, hospitali ya kampuni. Mtu aliyefukuzwa kazi alipoteza taa na dawa siku moja. Mgodi uliposimama na vita vilipopita, mji ulibaki gizani huku mto ukiendelea kuanguka palepale. Sasa soma Ceres ya Corey: hewa ni ya mkandarasi, maji yanaletwa kwa meli, na polisi wenyewe, Miller akiwa mmoja wao, ni waajiriwa wa kampuni ya ulinzi yenye makao yake duniani. Msomaji wa Paris huona humo onyo la mambo yajayo. Mjukuu wa mchimbaji wa Manono anamwona babu yake. Ni nani kati yao anayehitaji kuazima koti?

Nikija kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu hapa kitivoni, jambo linazidi kuwa karibu. Watu wa Ceres hawasemi kama watu wa dunia. Mababu zao waliletwa kazini kutoka nchi nyingi, kila mmoja na lugha yake, na wajukuu wakapata lugha moja iliyochanganyika. Riwaya hizo zilipofanywa tamthilia ya televisheni, The Expanse, iliyoanza mwaka 2015, mtaalamu wa lugha Nick Farmer aliitungia lugha hiyo sarufi na msamiati, akichota katika lugha za mabara mbalimbali na kuzitazama krioli za kweli ili aone lugha kama hizo hujijenga vipi. Hata mikono imepewa kazi: mtu aliyevaa vazi la angani uso wake hauonekani, kwa hiyo wazee wa Ceres hutikisa ngumi mahali ambapo sisi tungetikisa kichwa, na mgeni kutoka duniani hawaelewi. Mwenzake Miller ni mgeni wa namna hiyo. Ana beji, ana bunduki, lakini mtaani ni kiziwi.

Farmer alilazimika kuketi mezani na kuitunga lugha ya wafanyakazi waliokusanywa. Sisi hatuna haja hiyo. Kiswahili cha Katanga kilikomaa katika kambi na mitaa ambako watu wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa vijiji vya Baluba na Babemba walipanga foleni moja ya posho. Wataalamu hawakubaliani juu ya chanzo chake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa Wabelgiji, anapinga maelezo mepesi kwamba kilizaliwa kambini tu. Hata hivyo hakuna anayekataa kwamba kiliwatumikia watu ambao makazi yao, chakula chao na njia yao ya kurudi kwao vilikuwa mikononi mwa mwajiri. Tena kina maandishi yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili hichohicho, bila kumwomba mtu ruhusa ya sarufi. Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo ni hati inayosomwa katika vyuo vya mbali kuliko inavyosomwa hapa kwetu.

Sasa turudi kwa yaya na silabi yake, kwa maana hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Riwaya ya upelelezi ina sheria moja ambayo wasomaji hawaisamehi ikivunjwa: kidokezo lazima kiwe mbele ya macho yetu kabla mpelelezi hajakifafanua. Asimov amesimulia kwamba mhariri wake John W. Campbell aliona hadithi ya upelelezi ya kisayansi haiwezekani, kwa sababu mpelelezi wa karne zijazo anaweza wakati wowote kutoa mfukoni kifaa ambacho msomaji hajawahi kukisikia, na kesi ikaisha. Asimov alijibu kwa vitendo: aliziweka mezani mapema kanuni za ulimwengu wake, kisha akajifunga nazo. Roboti wake wanatii sheria zinazojulikana, na fumbo linafumbuliwa kwa kuzifikiria sheria hizo.

Nasema kwamba sarufi ni kanuni ya aina hiyohiyo. Haibuniwi dakika ya mwisho. Iko wazi katika kila sentensi tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji anayo kinywani mwake. Fikiria jukwaa moja juu ya Mshtarii, limejengwa na watu waliotoka pande zetu, na Kiswahili chetu kimekwenda nao. Mwanamke anayetunza vichujio vya hewa anakutwa amekufa nje ya mlango wa shinikizo. Fundi mmoja anaulizwa. Anajibu: “Ule mulango mi nilifungaka.” Programu ya kampuni inayogeuza sauti kuwa maandishi, iliyofunzwa Kiswahili cha vitabu, inaandika: “Mlango ule mimi niliufunga.” Fundi amekwisha. Kumbukumbu za mashine nazo zinasema mlango ulifungwa saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Mashine haijui mazoea, inajua mara moja na mara moja na mara moja. Anahitajika mtu anayesikia kwamba fundi alisema nilikuwa nikiufunga, ndiyo kazi yangu ya kila siku, na hivyo aulize swali ambalo karatasi haikuuliza: kwa nini siku ile haukuufunga wewe?

Mwenzangu wa isimu atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: hiyo -ka haisemi mazoea peke yake. Tunasema pia “nilizaliwaka Ankoro”, na hakuna mtu anayezaliwa kila siku. Kweli. Silabi hiyo hubeba mazoea, hubeba pia jambo la zamani lililokwisha kutulia, na ni mazingira yanayoamua. Lakini huo si udhaifu wa kidokezo, huo ndio utamu wake. Mpelelezi wetu hawezi kutoa kamusi mfukoni kama kifaa cha Campbell. Itabidi akae na fundi, amsikilize akisimulia mambo mengine, apime anavyoitumia -ka anaposema juu ya mkewe, chakula chake, utoto wake. Upelelezi unarudi kuwa kile ulichokuwa tangu mwanzo, kumsikiliza mtu kwa muda mrefu kuliko wengine.

Wala -ka haiko peke yake. Chukua roboti wa Asimov mwenye sura ya mtu. Shahidi anayesema “alipita” amemwona mtu. Anayesema “ilipita” amejua ni mashine. Kifaransa kingesema “il” kwa vyote viwili. Kwetu kiambishi kinamsaliti shahidi kabla hajajua kwamba ameulizwa. Chukua mahali: sisi tunasema mu mulango, ku mulango, pa mulango, na kwenye kituo ambacho upande mmoja wa mlango kuna hewa na upande wa pili hakuna, tofauti ya mu na ku ni tofauti ya aliye hai na aliyekufa.

Sasa angalia kinachotokea tukizisahihisha sentensi hizo. Mwaka jana niliileta hadithi fupi katika jarida letu hili. Ilirudi imesafishwa: “nilikamataka” imekuwa “nilichukua”, “batu” wamekuwa “watu”, “mu mulango” umekuwa “mlangoni”. Wahariri ni marafiki zangu, na najua walifanya hivyo kwa kunipenda, wasitake nionekane sikusoma. Lakini walifanya kazi ileile ya karani wa Ankoro na ya ile programu ya Mshtarii. Katika hadithi ya mapenzi hasara ingekuwa ladha tu. Katika hadithi ya upelelezi, kidokezo kimefutwa kabla ya msomaji kufika. Nami nimeijaribu programu moja ya kuandika sauti iliyomo katika simu yangu mwenyewe. Nilisema “nilikamataka”, ikaandika “nilikamata”. Kwa hiyo hatuzungumzii karne zijazo peke yake. Kesho polisi, benki na hospitali watatumia mashine za namna hiyo, na kila -ka itakayopotea itakuwa na mtu nyuma yake.

Nisieleweke vibaya. Siandiki dhidi ya Kiswahili sanifu; makala hii yenyewe nimeijaribu kwa sanifu, kadiri kalamu yangu inavyoweza. Sanifu ndiyo iliyotupa upelelezi wetu wa kwanza. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Bwana Msa hana maabara wala kompyuta. Silaha yake ni kuwajua watu wa Unguja na kuyapima maneno yao. Mtu huyo angeweza kufanya kazi Ceres kesho asubuhi. Na safari ya angani nayo tunayo: katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka Kenya mwaka 1995, Dzombo aliyehukumiwa kifo anapandishwa chombo, nacho kinamfikisha katika ulimwengu mwingine ulio bora, ambao jina lake ukilikata vizuri linasema wale ni sisi. Nyuzi mbili tunazo, ya Zanzibar na ya Kenya. Bado kuzisokota pamoja, na kuongeza uzi wa Kongo.

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa anga. Hili nitalipita haraka, maana ni hoja iliyochoka. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Malindi, iliruka satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru, na satelaiti ikaitwa Uhuru. Wanaanga wa dunia nzima wamelitamka neno hilo kwa zaidi ya nusu karne bila kuumia ulimi. Neno linalokosekana tutaliazima kama tulivyoliazima “treni”, au tutaliunda. Mafundi wetu wa pikipiki wameshaita kila skrubu jina. Hawatashindwa na mlango wa shinikizo.

Hoja nzito zaidi ni ya msomaji wa Dodoma au Mombasa: je, atatuelewa? Jibu langu ni kwamba mwandishi ana wajibu wa kumfundisha, ndani ya hadithi, kabla ya kumtega. Msimulizi anaweza kusema sanifu, na wahusika wakasema kama wanavyosema. Ukurasa wa tatu mama anamwambia mtoto “babu yako alikuyaka hapa kila Jumapili”, na msomaji wa Mombasa amejifunza -ka bila somo. Ukurasa wa arobaini fundi anaisema tena, na sasa msomaji hana kisingizio. Asimov alifanya hivyo na sheria za roboti. Kwa nini sisi tushindwe kufanya hivyo na silabi moja?

Ninachoomba ni vitu vitatu, na vyote viko ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kamati ya jarida iache mazungumzo ya wahusika yalivyo, na badala ya kuyasahihisha imuulize mwandishi anakusudia nini. Pili, katika saa za fasihi, Bwana Msa na Walenisi wasomwe pamoja na kitabu kimoja kati ya hivi vya angani, na Vocabulaire ya André Yav iwe juu ya meza hiyohiyo. Ni aibu kwamba tunaijua kwa kusikia. Tatu, na hili ndilo kubwa, tunapokwenda likizo Ankoro, Manono, Moba, Kabalo, tuwarekodi wazee waliofanya kazi kwenye migodi na waliokuwa kando ya Luvua mwaka 1977 na 1978, tena tuyaandike maneno yao kama yalivyotoka, -ka zote mahali pake. Watakaotaka kuandika riwaya watakuta mali humo. Watakaotaka kuandika isimu nao watakuta. Na wazee wenyewe watakuwa wameulizwa, kwa mara ya kwanza.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai, kuwa lugha za taifa. Kati ya lugha ya taifa na lugha rasmi anakaa karani mmoja na kalamu. Wengi wetu, tukimaliza masomo haya, tutakuwa karani huyo: mahakamani, ofisini, shuleni, au tukifundisha mashine kusikia. Riwaya ya mpelelezi wa angani ni mazoezi mazuri ya masikio kwa kazi hiyo, kwa sababu inatutia hofu ya kukosea bila kumlaza mtu kasho.

Likizo iliyopita nilimsimulia yaya kisa cha fundi wa Mshtarii, mlango na programu. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama fundi yule, alipoachiwa, walimpa karatasi nyingine iliyoandikwa vizuri. Nikamwambia hadithi sijaimaliza. Akasema: “Basi umalize, na karatasi umupe.”